Kazi ya Dukani: Kutoka Rafu Hadi Ofisi ya Meneja



Uliza darasa zima la kidato cha nne wanataka kuwa nini, nawe utasikia daktari, rubani, wakili. Sijasikia hata mmoja akisema, "Mimi nataka kuwa meneja wa supamaketi." Lakini hebu shuka Thika mjini siku ya Jumamosi, au simama Ruiru jioni matatu zinapoteremsha watu, uone ni wangapi wanaoishi kwa kuuza rejareja. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 Ruiru ilikuwa na watu 238,858. Mwaka 2019 walikuwa 490,120. Watu wote hao wanataka unga, sabuni na maziwa, na lazima awepo wa kuwauzia.

Makala haya ni somo kwa yule anayefikiria kuingia kazi hiyo, hata kama bado anaona haya kusema.

Dada yangu mkubwa alikaa nyumbani mwaka mzima baada ya mtihani. Mwishowe akaandikwa kibarua katika supamaketi moja ya Ruiru, ambayo sitaitaja. Alianza kwa kupanga rafu. Tulimcheka, ati kidato cha nne chote kimeishia kupanga makopo! Kumbe kupanga kwenyewe kuna elimu yake. Mali iliyotangulia kuingia ndiyo itangulie kutoka, kwa hiyo maziwa ya jana huletwa mbele na ya leo hurudishwa nyuma. (Mama analijua hilo, ndiyo sababu huingiza mkono mpaka nyuma kabisa ya rafu.) Tena si kila unayemwona akipanga bidhaa ni mfanyakazi wa duka. Wengine wameajiriwa na kampuni zinazotengeneza au kusambaza bidhaa hizo, na huo ni mlango mwingine wa kazi ambao wengi wetu hatuujui.

Sasa tupige hesabu kidogo. Bale la unga lina pakiti 12 za kilo mbili. Tuseme limenunuliwa kwa shilingi 1,680, yaani 140 kila pakiti, nawe unauza kwa 150. Faida ya bale zima ni shilingi 120. Panya akitoboa pakiti moja tu, utauza 11 na kupata 1,650. Faida yote imekwisha na juu yake umepoteza 30. Ndiyo maana meneja hupiga kelele kwa sababu ya pakiti moja. Si uchoyo.

Baada ya miezi minane dada akapelekwa kaunta, akawa keshia. Hapo ndipo palipomtoa machozi. Asubuhi hukabidhiwa fedha za kuanzia chenji, jioni droo huhesabiwa na kulinganishwa na risiti. Zikipungua, wenyewe husema una "shoti". Mwezi wa kwanza alikatwa shilingi 3,200. Hakuonyeshwa hesabu yoyote, aliambiwa tu atie sahihi. Alirudi nyumbani akasema haendi tena.

Baba ndiye aliyemwuliza, "Wakati wa chakula, nani hukaa kaunta yako?" Kumbe mwenzake alikuwa akitumia droo ileile na namba ileile ya siri! Kesho yake dada akaomba kwamba kila anapoinuka, droo ihesabiwe mbele ya wote wawili nao watie sahihi. Msimamizi alinuna kwanza, kisha akakubali. Shoti zikakoma. Zile 3,200 hazikurudi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au kukosa uaminifu kwa mfanyakazi, lakini awe ni mfanyakazi ambaye mkataba wake unasema waziwazi kuwa amekabidhiwa kupokea, kutunza na kulipa fedha. Tena makato yote kwa jumla yasizidi theluthi mbili za mshahara. Dada hakuwa na mkataba wowote wa maandishi wakati huo. Basi wewe uombe mkataba kabla ya kuomba kaunta.

Na usidhani duka kubwa haliwezi kuanguka. Nakumatt ilikuwa na matawi zaidi ya 60 katika Afrika Mashariki. Mwaka 2017 rafu zake zilikuwa zikikaa tupu kwa sababu waliouza bidhaa kwake hawakulipwa, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ivunjwe. Tuskys nayo ikafunga tawi baada ya tawi. Wakati huohuo Naivas, iliyoanza kama duka dogo huko Rongai, Nakuru, mwaka 1990, ilikuwa ikiongeza matawi, na leo yamepita mia moja. Mfanyakazi anayehama kutoka linaloanguka kwenda linaloinuka ana haki ya kupewa cheti cha utumishi, kinachoonyesha alifanya kazi gani na kwa muda gani. Kifungu cha 51 kinasema hivyo. Dada alikidai chake, akaenda nacho Thika kwenye duka jingine, na sasa ni msimamizi wa zamu. Anasimama saa nyingi, Krismasi hatuli naye, na miguu humvimba. Ameanza kusomea stashahada jioni, kwa kuwa ofisi ya meneja imebaki ngazi mbili juu yake.

ZOEZI: Mwenye duka amenunua trei moja ya mayai 30 kwa shilingi 360, naye huuza yai kwa shilingi 15. Mayai manne yamevunjika njiani kutoka Thika hadi Ruiru. Amebaki na faida gani? Yangevunjika mangapi ndipo asipate hata senti? Majibu yapelekwe kwa katibu wa chama kabla ya kufunga shule.