Nyumba inatazama wapi? Angalia kabla hujapiga picha

Dalali wa Mpwapwa, mteja wa Dodoma mjini anaamua kwa picha yako: apande basi aje kuona nyumba, au apite tu. Saa 7 mchana achana nayo. Bati linameremeta, barazani giza, mlango hauonekani. Mbele ikitazama mashariki nenda saa 2 asubuhi, magharibi saa 11 jioni, jua likiwa mgongoni kwako.

Inayotazama kusini ndiyo sumbufu. Juni na Julai jua linapita kaskazini kutwa, mbele kivuli tupu! Hapo subiri wingu, au gusa ukuta kwenye skrini simu iongeze mwanga. Desemba jua likihamia kusini, nyumba hiyohiyo inapendeza.

Vyumbani fungua madirisha, zima taa. Na ufa usiufiche kivulini, mteja atauona akifika.