TV Kuwa Monita: Waya, Mipangilio na Suala la Leseni

Kila mwaka ikifika Juni, wenzetu wanaomaliza masomo hapa Uingereza hufungasha mizigo, na TV za inchi 32 hugawiwa bure au kuuzwa kwa bei ya kutupa. Wewe unayeandika tasnifu kwenye laptopu ya inchi 13, shingo imepinda na jedwali la Excel halionekani lote, unajiuliza: hii TV haiwezi kuwa monita? Inaweza. Tatizo ni kwamba wengi wanaichomeka tu, wanakuta maandishi yana ukungu na picha imekatwa pembeni, basi wanasema ni mbovu. Si mbovu. Imepangwa kwa ajili ya mpira na sinema, haijapangwa kwa kusoma.

Kwanza waya. Kama laptopu na TV zote zina tundu la HDMI, umemaliza: waya mmoja unabeba picha na sauti. Usikubali kuuziwa waya wa bei mbaya, maana kwa mita moja au mbili ule wa bei poa unatoa picha ile ile. Laptopu nyembamba nyingi zina USB-C tu, hivyo utahitaji adapta, ila si kila USB-C inatoa picha. Soma maelezo ya laptopu yako uone kama yanataja DisplayPort au Thunderbolt kabla hujanunua. Laptopu ya zamani yenye VGA hutoa picha peke yake, sauti itabidi uitafutie waya wake.

Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, kisha chagua "Extend". Hapo unapata vioo viwili: makala unayosoma iko kwenye TV, unachoandika kiko kwenye laptopu.

Sasa zile pembe zilizokatwa. TV za zamani za kioo cha mgongo zilificha kingo za picha, na watengenezaji wakazoea kuikuza picha kidogo ili kingo zisionekane. TV bapa zimerithi tabia hiyo. Chukua rimoti, ingia kwenye ukubwa wa picha, tafuta "Just Scan", "Screen Fit" au "1:1", jina linategemea kampuni. Hapo kila nukta ya kompyuta inakaa mahali pake, na sehemu kubwa ya ule ukungu inaondoka yenyewe. Ukiobaki, punguza "Sharpness". TV nyingi pia zinaruhusu kulipa jina tundu la HDMI: liite "PC". Kwenye baadhi ya TV jina hilo si pambo tu, linaizuia TV kupunguza taarifa za rangi, jambo linaloharibu herufi nyekundu au za buluu. Mausi ikichelewa kufuata mkono, washa "Game Mode", hata kama hujawahi kucheza gemu maishani.

Ndiyo maana, ukienda kununua TV ya mkononi, uliza rimoti kabla ya kutoa pesa. Bila rimoti mengi ya haya hayafanyiki.

Angalia pia idadi ya nukta. TV nyingi ndogo za inchi 32 zina nukta 1366 kwa 768, kidogo mno kwa kusoma kutwa. Tafuta 1920 kwa 1080, na hata hiyo usiisogelee sana: monita ya inchi 24 ina nukta kama 92 kwa kila inchi, TV ya inchi 32 inabaki na 69 hivi. Kaa mbali zaidi na ukuze herufi. TV ya 4K ya inchi 43 ina nukta kama 102 kwa inchi, hiyo ni monita nzuri kabisa, mradi laptopu na adapta ziweze kutuma picha 60 kwa sekunde. HDMI 1.4 inaishia 30 kwenye 4K, na utaiona mausi inavyosuasua.

Tukija kwenye leseni, hapa ndipo watu wanaogopa bure, au hawaogopi inapostahili. Kumiliki TV si kosa. Ukiitumia kama monita, kwa Netflix au video za YouTube zilizorekodiwa, hudaiwi leseni. Unadaiwa ukiangalia matangazo ya moja kwa moja ya kituo chochote, au BBC iPlayer tangu Septemba 2016. Chombo hakijalishi, laptopu na simu zimo. Na "kituo chochote" ni pamoja na vya nyumbani: mechi ya Simba na Yanga ikirushwa mubashara na kituo cha TV, hata kwa intaneti, inahesabika. Faini inaweza kufika pauni 1,000. Leseni ya sebule ya hosteli kwa kawaida haifiki chumbani kwako. Mkipanga nyumba kwa mkataba mmoja, leseni moja inawatosha wote. Kila mtu akiwa na mkataba wake, kila mtu na leseni yake. Barua zikianza kuja na huhitaji leseni, usizitupe: ingia kwenye tovuti ya TV Licensing ueleze hivyo, ni bure.