SOMO LA KIKUNDI: WATAALAMU WA BEI, TUWAAMINI?



Kikundi kimoja cha akina mama wakaanga samaki hapa Liwatoni kilitaka kupunguza mchango wa kila wiki. Sababu? Redio imesema mfumuko wa bei umeshuka, basi vitu vitakuwa rahisi. Mama mmoja akapinga: "Hao wataalamu waongo, waje wanunue mafuta na sisi!" Tulikaa nao mpaka adhuhuri.

Kumbe pande zote mbili zilikosea. Mfumuko ukishuka, bei hazirudi chini, zinapanda polepole tu. Mafuta ya kupikia yakitoka shilingi 200 hadi 240, hiyo ni asilimia 20. Mwaka wa pili yakifika 252, ni asilimia 5. Mfumuko umeshuka, na mama bado anaongeza pesa.

Je, wataalamu hukosea? Naam. Mwaka 2009 Shirika la Taifa la Takwimu (KNBS) lilibadilisha njia yake ya kupiga hesabu ya wastani. Mfumuko wa mwaka 2008, uliokuwa umetangazwa kuwa zaidi ya asilimia 26, ukawa kama asilimia 16. Tofauti kubwa hiyo!

Hebu tazameni vibanda viwili vya nyanya. Cha kwanza, fungu lilikuwa shilingi 10, sasa ni 20: limepanda asilimia 100. Cha pili lilikuwa 20, sasa ni 10: limeshuka asilimia 50. Kwa njia ya zamani, toa 50 katika 100, gawa kwa mbili, utasema nyanya zimepanda asilimia 25. Lakini aliyenunua fungu moja kila kibanda alilipa 30 zamani, na leo analipa 30 vilevile. Bei zikirudi zilivyokuwa, hesabu itasema zimepanda 25 tena! Njia mpya haiingii mtego huo. (Sisi tuliirudia mara tatu ndipo tukaelewa.) Na angalieni, kosa lile liliikuza shida, halikuificha. Anayesema ati wataalamu hutuficha siku zote, hapa hana ushahidi.

Jambo linalotugusa zaidi ni kapu. KNBS hupima kapu la nchi nzima, na tangu mwaka 2020 chakula huhesabiwa kama shilingi 33 katika kila 100. Mama mwenye watoto wanne huenda chakula kikamla shilingi 60. Unga ukipanda, yeye huumia kuliko takwimu inavyosema, ingawa takwimu ni sahihi.

Akina mama wale waliacha mchango ulivyo. Wamenunua daftari, na kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi katibu anaandika bei za unga, mafuta, makaa, samaki na nauli, duka lilelile, kipimo kilekile.

Kazi ya kikundi: Fungueni sanduku lenu. Pesa zilizolala humo tangu mwaka jana zingenunua mitungi mingapi ya mafuta siku zilipoingia? Leo zinanunua mingapi?