NAMBA ILIYODHANIWA KUWA TASA

Wasomaji wetu wajua ya kuwa namba nyingine hukubali kugawanyika na nyingine hukataa. Kumi na mbili hugawanyika kwa 2, kwa 3, kwa 4 na kwa 6 bila baki. Lakini 13 haigawanyiki ila kwa 1 na kwa 13 yenyewe. Namba ya namna hii ya pili huitwa tasa. Kuitambua tasa iliyo ndogo ni kazi ya mtoto wa shule. Iliyo kubwa yaweza kumhadaa hata bingwa, nasi twataka kueleza habari ya moja iliyofanya hivyo.

Twaa 2, uizidishe kwa 2, upate 4. Zidisha 4 kwa 4, upate 16. 16 kwa 16, upate 256. 256 kwa 256, upate 65,536. Sasa anza na ile 2 ya kwanza, uongeze 1 juu ya kila moja: 3, 5, 17, 257, 65,537. Zote tano ni tasa. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, Mfaransa aliyekuwa mtu wa baraza la hukumu mjini Toulouse, na ambaye hesabu kwake ilikuwa kazi ya saa za faragha tu, aliamini ya kuwa mwendo huo hauna mwisho, na kila itakayofuata itakuwa tasa. Uthibitisho hakuuleta.

Inayofuata ni 65,536 mara 65,536, na 1 juu yake, yaani 4,294,967,297. Haya, tuipime. Ni witiri, basi 2 haiigawanyi. Mwisho wake ni 7, basi 5 haiigawanyi. Jumla ya tarakimu zake ni 59, basi 3 haiigawanyi. Hapo wengi wangechoka, maana kuikagua sawasawa kwahitaji kujaribu kila tasa iliyo chini ya 65,536, nazo ni zaidi ya 6,500.

Ikapita miaka 92. Mwaka 1732 Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa akifanya kazi Petersburg katika nchi ya Urusi, alionyesha ya kuwa 641 yaigawanya bila baki, na jawabu ni 6,700,417, ambayo nayo ni tasa. Baadaye alieleza njia ya kupunguza taabu: tasa yo yote iwezayo kuigawanya namba hii, ukiitoa 1, sharti igawanyike kwa 64. Basi hesabu 65, 129, 193, uendelee hivyo kwa kuongeza 64. Ziache zisizo tasa. Zasalia 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano ndiyo.

Asiyeamini na azidishe mwenyewe: 6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200, mara 40 ni 268,016,680, mara 1 ni yenyewe. Azijumlishe.

Namba nyingi za mwendo huo zimekwisha kaguliwa, na hata leo haijaonekana tasa nyingine baada ya 65,537. Wala hakuna aliyethibitisha ya kuwa haipo.

Walimu wa madarasa ya juu wawape wanafunzi zile tasa tano, kila mmoja yake, waigawanye 4,294,967,297. Kwa 193 baki iwe 109. Kwa 257 iwe 2. Kwa 449 iwe 325. Kwa 577 iwe 288. Na mwenye 641 asibakiwe na kitu.