Nia ya Mtu na Simu Yake: Somo la Kujihisabu

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, ajuaye yaliyomo vifuani. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na sahaba zake. Amma baad.

Enyi ndugu zetu wa pwani, mlio majumbani kwenu na mlio bara katika kutafuta riziki! Somo letu la leo ni juu ya jambo jepesi kwa kidole, zito kwa moyo: ni kitu gani kimtumacho mtu kutia neno lake au sura yake katika mitandao ya kijamii?

Sisi tulio hapa Itigi, katika mkoa wa Singida, twakaa kando ya reli ya kati, baina ya Manyoni na Tabora. Reli hii ilianza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Zamani, mtu wa pwani akitaka kupeleka khabari kwao Pangani au Bagamoyo, aliandika barua, akanunua stempu, akangoja gari la moshi. Katika kungoja huko alipata nafasi ya kujiuliza: "Nililoliandika lafaa kusomwa?" Ikaja Facebook mwaka 2004, na WhatsApp mwaka 2009, nafasi ile ikaondoka. Neno hutoka Itigi likafika Tanga, Mombasa na Maskati kabla mwenyewe hajavuta pumzi ya pili. Hakuna bawabu aliyebaki ila moyo.

Nitawapa mfano, nao ni wa nafsi yangu. Katika Ramadhani moja tulichanga unga, sukari na tende, tukampelekea mjane mmoja hapa mjini. Nikampiga picha ameshika furushi, nikaipeleka katika kundi la jamaa wa pwani. Moyoni nilisema: "Nawahimiza wengine watoe." Lakini usiku ule niliamka mara tatu, wala si kwa sala, niliamka kutazama ni nani aliyenisifu. Mwaka wa pili tukamwendea tena, magharibi ikikaribia. Yule mama alifungua mlango nusu, akasema: "Ahsante, mwanangu. Mwaka jana mdogo wako alionyeshwa picha yangu shuleni, akachekwa. Mwaka huu tunacho." Nami niliona jiko lake halina moto.

Basi tazameni, ndugu zangu! Katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 264, tumekatazwa kuzibatilisha sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi, tukafananishwa na mtu atoaye mali yake ili aonekane na watu. Na aya ya 271 yatujuza kuwa sadaka ya dhahiri ni njema, na ya siri apewayo fakiri ni bora zaidi. Kwa hiyo haikatazwi kila sadaka ionekanayo. Lililoharibika kwangu ni mawili: nia yangu, na heshima ya mwanamke asiyeulizwa.

Suala: Nitaijuaje nia yangu?

Jawabu: Jipime kwa mambo matatu. Kwanza, lau kuwa hakuna atakayelijua jina lako, ungalilipeleka neno hilo? Pili, wasipokusifu, wahuzunika kwa ajili ya kheri iliyopotea, au kwa ajili ya nafsi yako? Tatu, yule utakayemtaja angalikuwa amekaa mbele yako, ungalisema? Na khabari usiyoihakikisha usiipeleke, kwani Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuchunguza kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

Suala: Je, tuziache simu kabisa?

Jawabu: La. Kuwasalimu wazazi, kuunga udugu, kutangaza maziko, kuuza bidhaa kwa haki, na kufundisha elimu, yote hayo ni kheri kwa mwenye nia njema. Na maulamaa wamebainisha kuwa kuacha jambo jema kwa kuwaogopa watu nako ni kuwatazama watu. Dawa ni kuitengeneza nia, si kuikimbia amali. Lakini jueni ya kuwa wenye mitandao hiyo hupata mali kwa matangazo. Kila ukaapo zaidi mbele ya kioo ndipo wapatapo zaidi. Hesabu ya sifa wakuonyeshayo ni chambo. Samaki huona chambo, ndoana haioni.

Zamani huko Baghdad alikuwako Al-Harith, aliyefariki mwaka 243 wa Hijra, akaitwa Al-Muhasibi kwa wingi wa kuihisabu nafsi yake. Nasi mfanyabiashara wetu hafungi duka ila amehisabu fedha zake. Basi kabla ya kulala, na tufungue yale tuliyoyapeleka mchana, tuulize juu ya kila moja: hili lilikuwa la nani? Lililo la riya tulifute, na tuliyemuudhi tumwombe radhi.

Ama furushi lile, tulilipitisha kwa jirani yake mwanamke, bila ya jina wala picha. Lilipokewa.

Ewe Mola wetu, zitakase nia zetu, uzisitiri aibu zetu kama utuamrishavyo kusitiri za wenzetu. Amin.