Ujira wa Matangazo ya Mtandaoni

Swali: Nasaga kahawa na kuiuza kwa pakiti hapa Mbozi Mission. Kijana mmoja wa Tunduma ataka shilingi 300,000 kwa mwezi anitangazie mtandaoni. Je, ni bei ya haki?

Jibu: Ndugu msomaji, kabla hujafungua mkoba, tambua ya kuwa katika fedha hiyo mna sehemu mbili zisizopasa kuchanganywa: ujira wa fundi apigaye picha na kutunga maneno, na gharama ya tangazo lenyewe, ambayo Facebook na Instagram hukuachia wewe uiwekee kikomo, basi mtake aandike kila sehemu mbali, na akaunti iwe kwa jina lako, msije mkaachana akaondoka na wateja wako. Kisha fanya hesabu: iwapo faida ya pakiti moja ni shilingi 2,000, yakubidi kuuza pakiti 150 zaidi kila mwezi ili kurudisha fedha hiyo tu. Lau hesabu hiyo yakushinda, anza na WhatsApp Business, isiyo na malipo, uweke picha safi ya pakiti, bei, na mahali ulipo. Bei ya haki ni ile irudishwayo na mauzo. Mkataba wa kwanza usizidi mwezi mmoja.