Maumivu ya Shingo kwa Wanaokaa Muda Mrefu

Mwezi huu katika ukurasa wetu wa afya tutazungumzia shingo. Fundi cherehani anayeinamia kitambaa tangu asubuhi, karani aliye mbele ya kompyuta, mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, na kijana anayetazama simu hadi usiku wa manane, wote hupatwa na shida moja. Jioni shingo imekakamaa, mabega yanauma, na pengine kichwa kinauma upande wa kisogoni. Wengine hudhani ni uzee au baridi, na wapo wanaofikiri wametendewa ubaya na jirani. Mara nyingi chanzo kiko pale pale walipokaa.

KWA NINI SHINGO INAUMA?

Shingo ya mtu ina pingili 7, idadi ile ile aliyo nayo twiga. Pingili hizo hubeba kichwa, ambacho kwa mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5 hivi. Kichwa kikiwa wima juu ya mabega, misuli haifanyi kazi kubwa. Kikiinama mbele, misuli ya nyuma ya shingo hulazimika kukivuta muda wote ili kisianguke.

Jaribu mwenyewe. Chukua kidumu chenye lita 5 za maji, ukishike karibu na kifua. Kisha nyosha mikono mbele ukiwa bado umekishika. Maji hayakuongezeka, lakini mikono itachoka upesi. Ndivyo inavyochoka shingo ya mtu anayeinama saa nyingi.

Basi tukumbuke jambo hili: hata mkao mzuri, mtu akidumu nao kutwa bila kujongea, huchosha. Dawa ya kwanza ya shingo ni kubadili mkao mara kwa mara.

TUZUIEJE?

1. Inuka kila baada ya nusu saa, hata kwa dakika 1 au 2. Fundi aende kuchochea mkaa wa pasi, karani apeleke faili mwenyewe, mwanafunzi asome kurasa kadhaa akiwa amesimama.

2. Inua kazi ifike machoni badala ya kushusha kichwa kuifuata. Kompyuta iwekwe juu ya vitabu hadi ukingo wa juu wa kioo chake ulingane na macho. Kitabu kiegemezwe, simu iinuliwe. Fundi asogeze kiti karibu na cherehani, na kiti kisiwe kirefu mno, maana kitamlazimisha kuinama zaidi.

3. Egemea, na nyayo zikanyage chini. Kanga iliyokunjwa ikiwekwa nyuma ya kiuno husaidia mgongo, na mgongo ukinyooka shingo nayo hunyooka.

4. Angalia mwanga na macho. Asiyeona vizuri husogeza uso mbele bila kujua. Watu wengi wakipita miaka 40 huhitaji miwani ya kusomea.

5. Wakati wa kulala, mto mmoja wa kiasi unatosha. Kulala kifudifudi huipinda shingo usiku kucha.

MAZOEZI YA DAKIKA TATU

Kaa wima, fanya polepole, kila zoezi mara 5:

- Rudisha kidevu nyuma bila kuinua wala kuinamisha uso. Hesabu hadi 5, achia.
- Geuza uso kulia, hesabu hadi 5. Kisha kushoto.
- Laza kichwa upande, sikio lielekee begani, bila kupandisha bega. Kisha upande wa pili.
- Pandisha mabega, yazungushe kwenda nyuma, yateremshe.

Kuhisi misuli ikivutika si vibaya. Ukisikia maumivu makali au kizunguzungu, acha.

IKIWA TAYARI INAUMA

Weka kitambaa kilicholowekwa maji ya moto na kukamuliwa, kwa dakika 15 hadi 20. Kisiwe cha kuunguza. Usilale kutwa, endelea na kazi nyepesi. Unaweza kumeza parasetamo kwa kufuata maelekezo. Lakini dawa kama diklofenaki zisigeuzwe kuwa chakula cha kila siku, kwani huweza kutia vidonda tumboni na kudhuru figo. Mara nyingi maumivu hupungua katika siku au wiki chache.

Hapa tuwaonye hasa akina baba na vijana. Vinyozi wengine wakishamaliza kunyoa humkanda mteja, kisha humgeuza kichwa ghafula mpaka shingo ialike. Kukandwa taratibu hakuna neno, ila huko kugeuzwa ghafula ukatae. Mishipa miwili ya damu iendayo kwenye ubongo hupita ndani ya pingili za shingo. Ikichanika, mtu huweza kupata kiharusi hata akiwa kijana. Haitokei mara nyingi, lakini hasara yake ni kubwa mno.

WAHI HOSPITALI UKIONA HAYA

- Shingo ngumu pamoja na homa na kichwa kuuma sana. Hiyo yaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, usingoje kesho.
- Mkono au mguu kufa ganzi au kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia haja.
- Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka au ajali, kwa mfano ya bodaboda. Mgonjwa asigeuzwe shingo wala kukandwa.
- Maumivu yasiyopoa hata usiku, pamoja na kukonda, homa za jioni au jasho jingi. Kifua kikuu huweza kushika hata mifupa ya uti wa mgongo.
- Maumivu yanayozidi wiki 6.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Nani katika familia yetu hukaa muda mrefu bila kuinuka? Tumkumbusheje?
2. Watoto wetu husomea wapi? Je, meza na mwanga vinawafaa?
3. Tutajuaje kwamba shingo inayouma ni ya kupeleka hospitali leo leo?